Madume Katika Shamba la Marehemu

Baba Lameki alifariki Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani. Jumatatu ndiyo siku aliyokuwa ameahidi kung'oa madume yake ya bangi, kabla hayajamwaga chavua.

Ahadi hiyo aliitoa Jumamosi, nami nikiwapo. Shamba lake na la mjomba wangu, Mjomba Galanje, yalikuwa nyuma ya kilima, yametenganishwa na kijito chembamba, mahali ambapo gari la polisi halifiki na askari mwenye akili hapandi kwa miguu. Mjomba alisimama upande wetu, Lameki upande wake, wote wawili wakitazama miche ileile.

"Lameki, shemeji yangu," Mjomba alisema, "hao waume zako wamevimba. Karibu watapasuka."

"Nawaona, shemeji."

"Unawaona, lakini huwafanyi kitu."

"Mgongo umenishika. Jumatatu asubuhi nakuja na panga. Na wewe nawe, unawaogopa vifupi kama hivi? Hata kiunoni hawakufiki!"

"Mbwa mfupi ndiye anayewazalisha mbwa wa kijiji kizima."

Wakacheka. Lameki akashika mgongo wake, akaenda zake kivulini. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimevuka kijito na kuyatazama yale madume kwa karibu. Vifundo vyao vilining'inia kama mashada ya ulezi, vimeanza kubadilika kutoka kijani kwenda manjano. Dume likifikia hapo, jua kali la siku mbili tatu linatosha kulipasua.

Ilikuwa mbegu ya kigeni. Lameki aliipata kwa dereva wa lori, akaambiwa inakomaa upesi, na ni kweli inakomaa upesi. Mche wake ni mnene na mfupi, jani lake pana kama kiganja cha mpasua mbao. Ukiivuta inakushusha chini; mtu analala na jembe mapajani. Sisemi ni mbaya. Wapo wanaotafuta usingizi.

Bangi ya kwetu ni kitu kingine. Inapandwa na mvua za kwanza, inapita kichwa cha mtu, inaendelea kupanda mpaka unainamisha shina kwa kamba lisivunjwe na upepo. Jani lake lina vidole vyembamba, unaona mbingu katikati yake. Haina haraka. Mahindi yanavunwa, karanga zinang'olewa, baridi inaingia, nayo bado inaongeza ua juu ya ua. Ikikomaa, maua yake hatuyaachi wazi yapigwe na jua. Tunayabana pamoja, tunayafunga kwa maganda ya mahindi, tunakaza kwa kamba ya gome la mti, tunayaweka penye joto yachachuke taratibu. Gunzi, ndivyo tunavyouita mfungo huo, likifunguliwa limekuwa na rangi ya asali ya porini, linanuka limau na udongo uliolowa. Ukivuta kidogo, kichwa kinasimama na mikono inatafuta kazi. Mazungumzo yanakuwa matamu, na mlima unaoujua tangu utotoni unaonekana kama umeletwa leo. Ukizidisha, moyo unakimbia na unaanza kusikia watu wakikusema. Mjomba alikuwa akiwakalisha wa namna hiyo kivulini, akawapa uji mwepesi, akawaambia, "Hakuna anayekusema. Wewe si mtu mkubwa kiasi hicho."

Mbegu hiyo ilikuwa mikononi mwake. Kabla yake ilikuwa kwa mjomba wake, na baada yake ilikuwa ije kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza wa dada yake. Mbegu kwetu hupita njia ya ardhi, upande wa mama. Majirani wengine walikuwa nayo zamani, lakini mmoja mmoja waliiacha au waliiruhusu ichanganyike. Mwaka ule shamba letu lilikuwa limebaki peke yake. Majike yetu yalikuwa yametoa nywele zao nyeupe wiki hiyohiyo. Jike likiwa na nywele nyeupe linamngoja yeyote atakayeletwa na upepo. Chavua ya kigeni ikiyafikia, mbegu zote za mwaka ule zingekuwa machotara, na akiba ya nyuma ilikuwa imeliwa na wadudu. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, na watu waliokijua walikuwa wawili tu: mjomba wangu na mimi.

Halafu Lameki akafa. Alirudi kutoka kanisani akasema kifua kinambana, akajilaza kwenye mkeka, na maji aliyoomba hayakuwahi kumfikia.

Kijijini kwetu, msiba ukiwapo hakuna anayekwenda shamba. Jembe linalala, panga linalala, mpaka maiti azikwe. Anayevunja anatozwa faini na chifu, na faini ndiyo iliyo nyepesi. Kinachouma ni watu kukukumbuka. Kwa kawaida si kitu. Mtu anakufa leo, kesho anazikwa. Angekuwa Mwislamu kama ndugu zetu wa bomani, angezikwa siku hiyohiyo. Lakini mtoto wa Lameki, Petulo, alikuwa Joni, huko Afrika Kusini, na alipiga simu akilia kwamba yuko njiani na basi, kwamba baba asifunikwe kabla hajamwona. Nani angemkatalia? Tukangoja.

Nilikaa msibani na wanawake wenzangu. Tulipika nsima, ugali wetu, na maharage, tulichota maji, tuliimba. Nilimlilia Lameki kwa moyo, kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha na hakuwahi kuninyima kitu. Lakini kila upepo ulipopita juu ya paa, nilikuwa naangalia unaelekea wapi.

Jumanne mchana wakarudi wajukuu. Ndivyo tunavyowaita wachimba kaburi, hata kama wana mvi, na wao pekee ndio wanaoruhusiwa kushika zana wakati wa msiba. Kiongozi wao, Masautso, alikuwa amekwenda kukata miti ya machela. Alijitupa karibu na moto, akadai chakula kwa sauti, kama ilivyo haki yao.

"Enyi wanawake, maharage haya mmeyachemsha au mmeyaonyesha moto tu? Nikidondokea kaburini kwa njaa mtanihesabu pamoja na marehemu!"

"Kula, mjukuu, una mdomo kuliko tumbo," mama mmoja alimjibu.

Nilipomletea maji ya kunawa niliona shati lake. Begani na kifuani lilikuwa na vumbi la manjano, laini kama unga.

"Kaka Masautso, umepita wapi?"

"Kwa Lameki, kando ya kijito. Nimejisugua kwenye mche wake mmoja, angalia nilivyo, kama nimelala ghala la mahindi."

"Ni mmoja tu uliofunguka?"

Akanitazama. "Ule wa chini, unaopigwa na jua. Mingine bado imefumba. Kwa nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alisikiliza huku akinawa, kidole kimoja kimoja. Nikamwomba: wewe unashika panga, wewe huulizwi na mtu, nenda ukate.

"Dada Enifa," alisema, na mzaha ulikuwa umemtoka, "panga la kaburi halifanyi kazi nyingine. Likikata kitu kisicho cha marehemu, linadai marehemu mwingine. Utamchagua wewe?"

Nilimletea nsima yake nikaondoka.

Mjomba alikuwa amekaa na wanaume chini ya ukuta, blanketi mabegani. Nilipiga goti pembeni yake nikamwambia kuhusu shati la Masautso. Akavuta blanketi karibu na shingo.

"Nilijua," alisema. "Upepo ulipogeuka asubuhi nilijua."

"Nipe ruhusa, Mjomba. Niende nirudi."

"Kwenye shamba la nani?"

"La Baba Lameki."

"Lameki yuko wapi?"

Nikageuka kutazama mlango wa nyumba.

"Amelala ndani hajazikwa, na wewe unataka kwenda kukata miche aliyoipanda kwa mkono wake. Enifa, hata adui hafanyi hivyo. Unajua watasema nini. Watasema umekwenda kuchuma dawa kwa maiti."

"Watasema. Lakini mbegu, Mjomba, ni ya mwisho."

"Mbegu ni ya watu. Tukiwatukana watu ili tuiokoe, tunamwokolea nani?" Hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama moto. "Sikukatazi kama mtoto. Wewe ni mtu mzima. Nakwambia tu: ukienda, mbegu haitapita kwako. Nitampa Tiyanjane."

Tiyanjane ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ni msichana mwema, lakini wakati huo hakuweza kutofautisha dume na jike mpaka lipasuke.

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi, na siwezi kusema yalikuwa ya kosa. Mtu aliyeshika kitu cha ukoo anashika na jina la ukoo. Lakini pale kwenye moto nilifanya hesabu yangu mwenyewe, taratibu, kama nilivyojizoeza kufanya kila jambo. Nisipokwenda, nitairithi mbegu isiyokuwapo. Nikienda, mbegu itakuwapo na sitairithi. Baada ya kuliona hivyo, lililobaki lilikuwa namna ya kwenda.

Kwanza nilikwenda kwa mjane. Mama Falesi alikuwa ndani, amefunikwa kitenge mpaka kichwani, karibu na jeneza. Shamba lilikuwa lake. Lameki alikuja kwetu kuoa kama wanaume wote wanavyokuja. Nilikaa ubavuni kwake tukalia pamoja kwanza. Halafu nikamnong'oneza, na nilipokuwa nanong'ona niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Alivuta kitenge chini zaidi, nikadhani amekasirika.

"Aliniambia Jumatatu," alisema chini ya kitenge. "Aliniambia, nikumbushe Jumatatu, Galanje asije akanitukana tena mbwa." Akapangusa uso kwa upindo wa kitenge. "Sasa hana Jumatatu nyingine. Nenda ukamfanyie. Majike niachie, nitakula nini?"

Halafu nikaenda kwa Chifu Msenjere, aliyekuwa amekaa na wazee wake, viatu vimevuliwa.

"Chifu, nimekuja kulipa faini."

"Faini ya nini?"

"Ya kwenda shamba wakati wa msiba."

"Umekwenda lini?"

"Bado sijaenda."

Mzee mmoja aliangua kicheko akakifunika kwa mkono. Chifu hakucheka. Alinitaka nieleze, nikaeleza yote. Alijua vizuri kilichopandwa nyuma ya kilima. Kazi yake ilikuwa kutokijua.

"Sikiliza, mama," alisema. "Faini ni adhabu. Nikiipokea kabla ya kosa, inakuwa bei, na kesho kila mtu atakuja na kuku wake kununua ruhusa ya kupalilia mtu akiwa amelala ndani. Sipokei. Kama unakwenda, nenda kwa akili yako, na baada ya maziko nitakutoza mbele ya watu wote, na sitakupunguzia kwa sababu ulikuja kusema."

"Nimeelewa, Chifu."

"Hujaelewa, lakini una adabu. Ondoka."

Nilikwenda jua likiwa kali, kwa njia kuu, nikipita mbele ya watu. Sikutaka mtu aseme nilinyata. Nilibeba panga, gunia kuukuu na ndoo. Wanawake waliokuwa wanachota maji walitua ndoo zao nilipopita, kisha nikasikia mmoja akisema, "Tazama, wenzake wanalia yeye anakwenda kuvuna." Niliendelea.

Shambani kandambili za Lameki zilikuwa bado kivulini, zimepangwa vizuri pamoja. Niliziamkia kwa kupiga makofi ya taratibu, kama tunavyofanya mlangoni pa mkubwa, nikamwambia nimetumwa na mkewe. Halafu nikaanza kazi.

Dume lililofunguka lisipokatwa kwa utaratibu ni afadhali uliache. Ukilipiga panga likiwa kavu linatikisika na kumwaga kila kitu hewani. Kwa hiyo nilichota maji nikalilowesha kwanza kutoka juu, polepole, mpaka vumbi likashikamana na majani. Nikalivika gunia lililolowa, nikakata shina chini kabisa, nikalilaza. Yaliyobaki yalikuwa yamefumba kweli, kama Masautso alivyosema, ila moja lililoficha ua lililopasuka upande wa nyuma. Niliyapitia yote hivyo hivyo, yaliyofumba na yasiyofumba. Nilichimba shimo nikayazika. Shimo lile nililichimba huku machozi yakinitoka, kwa sababu nilijua kwamba ng'ambo ya kilima wajukuu nao walikuwa wanachimba, na mimi nilikuwa nimelitangulia kaburi la Lameki mwenyewe.

Majike ya Mama Falesi sikuyagusa. Kisha nikashuka kijitoni, mbali na upande wetu, nikavua, nikaosha nywele, nguo, panga na kucha. Sikupita kwenye shamba letu hata kutazama. Nilirudi msibani nimelowa.

"Wenzio wanakosa hata maji ya kunywa, wewe umeoga," mama mmoja aliniambia jikoni.

"Nipe hiyo sufuria nisugue," nikamjibu. Akanipa.

Petulo alifika siku iliyofuata, miguu imevimba kwa basi. Lameki akazikwa alasiri. Baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa chini, Chifu alisimama akaita jina langu.

Katika baraza lile jina la kile kilichopandwa halikutamkwa. Yote yalizungumzwa kama shamba la mihogo.

"Mama huyu amekwenda kwenye mihogo ya marehemu kabla hajazikwa," Chifu alisema. "Anakubali?"

"Nakubali."

Kaka yake Lameki, aliyekuja kutoka kwao na hakunijua, alinyanyuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Mtu anayekwenda kwenye shamba la maiti anatafuta nini? Sisi si watoto. Ndugu yetu ameanguka ghafla bila ugonjwa, na huyu anakwenda kuchimba mashimo! Alizika nini?"

Neno lenyewe hakulisema. Lilikaa tu katikati ya watu, na wengine wakaanza kuvuta watoto wao karibu.

Kutoka mlangoni ikatoka sauti ya Mama Falesi. Mjane hasemi siku hiyo; anasemewa. Lakini alisema.

"Nilimtuma mimi. Ilikuwa kazi ya mume wangu, ameiacha nusu. Mnataka nimtume nani, yeye mwenyewe?"

Kaka yake Lameki alibaki amesimama kidogo, halafu akakaa. Masautso, bila kuulizwa, akasema, "Ni kweli ile mihogo ilikuwa inadondosha unga, mimi nimeiona," na kicheko kidogo kikapita, cha watu waliochoka kulia.

"Hata hivyo msiba umevunjwa," Chifu alisema. "Mbuzi."

Sikuwa na mbuzi. Nilikuwa nafungua mdomo kuomba muda pale Mjomba Galanje aliposimama, akakunja blanketi lake, akaliweka begani.

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Mbuzi yuko kwangu. Akachukuliwe."

Hakunitazama aliposema, wala njiani tulipokuwa tunarudi. Nilimshukuru kwa goti. Akasema, "Usinishukuru. Mtu wangu akitozwa, natozwa mimi. Lile jingine nililokwambia liko palepale."

Na lilibaki palepale. Baridi ilipoingia tulivuna. Nilibana magunzi pamoja nao, kwa sababu mikono yangu ilihitajika, lakini siku ya kutoa mbegu sikuitwa. Kila mwaka Mjomba alikuwa akiacha dume moja zuri kwenye kona yake, akapakaza chavua yake kwenye tawi moja la chini la jike alilolichagua, na mbegu za tawi hilo ndizo za ukoo. Nilisikia kwa mama yangu kwamba alizipukuta kwenye ungo, akachagua zilizokoza madoa, akazitia kwenye kibuyu na majivu, akampa Tiyanjane mbele ya wazee. Mdogo wangu alikuja kwangu jioni ile akilia.

"Dada, mimi sikuomba."

"Najua hukuomba."

"Nirudishe?"

"Hairudishwi. Weka mahali pakavu, panya wasifike."

Nisingekuwa mkweli nikisema haikuniuma. Iliniuma miezi yote ya kiangazi. Nilijifunza mbegu ile kwa macho yangu tangu nikiwa mdogo, bila mtu kunifundisha, na sasa nilikuwa napita kando ya shamba kama mgeni. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilinisumbua zaidi, na hilo halikuweza kujulikana mpaka mvua: kama nilichelewa. Dume la kwanza lilikuwa limefunguka kabla sijafika. Upepo hausemi umebeba kiasi gani.

Mvua zikaja. Miche ilipofika urefu wa magoti, Tiyanjane alinitumia ujumbe nimfuate nyuma ya kilima. Nilimkuta amechuchumaa katikati ya matuta, mikono imejaa tope, na Mjomba amekaa kwenye jiwe upande wa juu, fimbo katikati ya magoti.

"Dada, mimi sioni tofauti," alisema. "Yote ni majani tu."

Nilimtazama Mjomba. Hakusema njoo, wala hakusema ondoka. Nikavua viatu nikaingia.

Nilianza mwanzo wa tuta. Nilishika jani la kila mche, nikalinyosha juu ya kiganja changu. Vidole vyembamba. Vyembamba. Shina refu, nafasi ndefu kati ya tawi na tawi. Nikasugua shina la mwingine, nikanusa: limau. Nilipitia tuta la kwanza lote na sikukuta kitu. Katika tuta la pili nikakuta mmoja jani limepanuka, umejikunja chini, mnene. Nilimwonyesha Tiyanjane aguse, afananishe na jirani yake, na alipouona mwenyewe nikamwambia aung'oe. Akaung'oa. Mbele kidogo nikakuta mwingine. Basi. Mingine yote ilikuwa ya kwetu, imesimama ikichezacheza, na mbingu inaonekana katikati ya majani yake.

Nilifika mwisho wa tuta la mwisho nikanyoosha mgongo.

"Umeruka mmoja," Mjomba alisema kutoka juu ya jiwe. Alielekeza fimbo. "Huo hapo karibu na mguu wako wa kushoto. Mfundishe mdogo wako vizuri."

Nikainama. Alikuwa amesema kweli.